Ushahidi wa Mtani

Kila mtafiti aliyemaliza uzamivu na kupokelewa katika Taasisi ya Tiba ya Lukosi alikabidhiwa koti jeupe, rafu yake katika jokofu la sampuli, na mtani. Koti lilichakaa, na rafu ilijaa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Mtani ndiye pekee aliyezidi kunoga kadiri miaka ilivyopita. Alikaa katika kishikizo cha juu cha koti, kidogo kama punje ya njegere, akisikiliza yote ambayo mtafiti aliyawaza kwa sauti. Kazi yake ilikuwa kumchokoza.

"Umeandika 'ni dhahiri,'" alisema mtani wa Dkt. Otilia Luambano asubuhi ile, kwa lafudhi ya Kihehe iliyotiwa chumvi kidogo. "Dhahiri kwa nani? Kwa Wangoni? Mababu zako nao waliona ni dhahiri kwamba watatushinda, wakarudi Songea mbio."

"Waliokimbizwa ni ninyi," Otilia akajibu bila kuinua jicho kutoka kwenye hadubini. "Endelea kusoma."

"Nasoma. Sahani ya nne haina kilinganisho. Ninyi mmezoea kuvamia bila kupeleleza."

"Hebu nione." Otilia alitazama, akaguna, kisha akacheka. "Mhehe mbaya wewe. Ni kweli haina."

Profesa Sikitu Mgongolwa alikuwa amesimama mlangoni, na hakuna aliyemwona. Yeye ndiye aliyebuni watani hao miaka kumi iliyopita, baada ya kuchoshwa na vijana wenye akili ambao hawakuthubutu kukosoana, na ambao walikubali kila neno la mkubwa kwa kuinamisha kichwa. Aliikumbuka desturi ya kwao Iringa. Mngoni anaweza kuingia msibani kwa Mhehe, akalala palipopangwa jeneza na kumsema marehemu kwa ubahili wake, na wafiwa wakacheka huku wakilia. Mtani husema lile ambalo ndugu hawezi kulisema. Basi akaitengeneza akili bandia iliyopewa ruhusa hiyo, na kila mtafiti akachaguliwa mtani kulingana na kabila lake: Msukuma akapewa Mzaramo, Mngoni akapewa Mhehe.

Makosa yalipungua na hoja zikawa imara. Taasisi nyingine zilituma watu kuja kujifunza.

Profesa alitabasamu kusikia ubishi ule, akageuka kwenda kwenye kikao cha Baraza. Njiani lilimpitia wazo dogo, nalo hakulipenda. Yeye ni Mhehe na Otilia ni Mngoni, na kwa miaka mitatu hawajawahi kutaniana hata mara moja.

*

Baraza la Walezi lilikuwa na maabara moja ya kugawa. Mtafiti atakayeipata angekuwa huru, mwenye swali lake mwenyewe na jina lake mlangoni. Atakayeikosa mkataba wake ungefikia mwisho mwezi wa sita. Waliobaki katika mchujo walikuwa wawili, Dkt. Gaspar Mrope na Dkt. Otilia Luambano, ambaye mlezi wake alikuwa Profesa Mgongolwa.

"Nitasema wazi, Dada Sikitu," alianza mwenyekiti, Profesa Elia Shemhilu, mzee mpole aliyependa kuzungusha kalamu vidoleni kabla ya kutoa habari mbaya. "Mrope ana makala tano. Binti yako, kwa miaka miwili, hana hata ukurasa mmoja. Huenda ni mvivu. Huenda ana jambo kubwa. Makaratasi hayatuambii."

"Si mvivu."

"Amekuwa akifanya nini?"

Profesa Mgongolwa alifungua kinywa. "Anathibitisha," alisema.

"Anathibitisha nini?"

Hakujua. Alijua kwamba Otilia alikuwa akikuza vipande hai vya ubongo kutokana na seli za ngozi za wagonjwa wa kifafa, vile vipande vidogo kama dengu vinavyochukua miezi mingi kukomaa ndani ya kiatamizi. Alijua kwamba kila kipande kiliwekewa kifuko cha tegu wa nguruwe, yule mnyoo ambaye mayai yake yakimezwa huishia kichwani na kuleta kifafa katika vijiji vingi vya nyanda za juu. Alijua kwamba chembe-fundi, seli za kinga alizozibuni Profesa mwenyewe, zilitiwa humo ili zikitafune kifuko. Zaidi ya hapo hakufuatilia. Taarifa za kila mwezi zilimwambia kwamba Dkt. Luambano "anaendelea vizuri na mtani wake," naye aliziamini.

"Kuna njia," alisema Shemhilu. "Mrope amejitolea mtani wake afunguliwe. Tutasikia alivyokuwa akifikiri tangu siku ya kwanza. Luambano akikubali pia, nawe ukatia kidole chako, basi tutapima akili kwa akili. Au nimekosea?"

Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Kanuni aliiandika Profesa mwenyewe: yanayosemwa kwa mtani ni ya mtafiti, wala hayafunguliwi isipokuwa mtafiti aridhie na mlezi wake atie alama ya kidole. Kwa miaka kumi hakuna aliyewahi kuomba.

"Nipeni mpaka Ijumaa," alisema.

"Chukua. Ila, Dada," Shemhilu akaiweka kalamu mezani, "usituletee tena neno 'anathibitisha.' Hata mke wangu nikimuuliza chakula kiko wapi hunijibu hivyo, na mara zote huwa hajaanza kupika."

Wajumbe walicheka. Profesa Mgongolwa naye alicheka, lakini alitoka amekunja uso.

*

Otilia hakusubiri kuitwa. Alikuja ofisini mchana uleule, koti limefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Keti."

Hakuketi. "Nimesikia kuhusu mtani. Nimekuja kusema nimeridhia. Niko tayari kusaini."

"Kwa hiari yako?"

"Gaspar ameridhia, Profesa."

"Sikukuuliza habari za Gaspar."

Otilia alitazama dirishani, ambako ukungu ulikuwa ukiachana na miti ya misindano. Mkono wake ulikuwa juu ya kishikizo, ukikifunika kama mtu anayefunika mshumaa usizimwe na upepo.

"Mle ndani nimelia," alisema hatimaye. "Nimesema mambo ya kipumbavu. Kuna wiki nzima niliamini jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka. Nimemsema mama yangu. Nimekusema na wewe. Lakini mkataba ukiisha narudi Songea kuuza dawa, kazi nimeshaahidiwa, na vile vipande vitazimwa, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuvilisha. Kwa hiyo ndiyo, ni kwa hiari yangu."

Profesa aliitazama karatasi ya ridhaa iliyokuwa mezani. Alikuwa ameyasikia maneno yale kwa namna mbili: kama mlezi anayetaka mwanafunzi wake ashinde, na kama fundi aliyekijenga chombo na kujua kilichofungwa ndani yake. Kidole kimoja tu, na Baraza lingesikia yote. Huenda wangevutiwa. Huenda Otilia angepata maabara kesho kutwa.

Na mwaka ujao? Mtafiti atakayekataa kufunguliwa ataulizwa anaficha nini. Atakayekubali atakuwa amejiandaa tangu siku ya kwanza: ataongea na mtani wake kama anavyoongea na Baraza, kwa sentensi zilizonyooshwa, bila upumbavu na bila machozi. Profesa alikuwa ameishi katika sayansi muda wa kutosha kujua kwamba wazo jema kwa kawaida huzaliwa likiwa limekosewa, na huhitaji mahali pa kukaa na makosa yake mpaka lipate nguvu. Alikuwa amewajengea vijana mahali hapo. Sasa aliombwa apageuze kuwa chumba cha mahojiano, tena kwa ajili ya mtu anayemtakia mema.

"Sitatia kidole," alisema.

Otilia alimtazama kana kwamba hakuelewa Kiswahili. "Profesa?"

"Sitakitia, hata kwako."

"Basi nimeikosa." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimuuma Profesa zaidi. "Ushahidi wangu wote umo humu. Nani mwingine anajua nilichofanya?"

Swali lile halikuwa na ukali wowote, wala Profesa hakulikwepa.

"Nilipaswa kujua mimi," alisema. "Nionyeshe."

"Nini?"

"Kazi yako. Twende maabara. Nionyeshe miaka miwili."

Otilia alirudi nyuma hatua moja. "Hutaipenda."

Ndipo kishikizo kikasema, taratibu, kwa lafudhi yake ya kuazima: "Mwonyeshe, Mngoni. Au mnaanza tena kukimbia?"

Profesa alitambua kwamba mtani, hata sasa, hakuwa ametoa siri hata moja. Alimchokoza tu mwenye nayo. Otilia alicheka kicheko kifupi kilichokaribia kuwa kilio, akakifungua kishikizo kutoka kwenye koti, akakiweka mezani juu ya karatasi ya ridhaa ambayo haikuwa imesainiwa.

"Huyu abaki," alisema. "Twende sisi wawili."

*

Maabarani, Otilia alifungua kiatamizi, na hewa ya joto yenye harufu ya mkate mbichi ikawapiga usoni. Sahani zilikuwa zimepangwa safu mbili. Ndani ya kila sahani kulikuwa na kipande kimoja cha ubongo chenye rangi ya maziwa, kikipitisha mawimbi yake madogo ya umeme ambayo kioo cha pembeni kiliyachora kama manyasi yanayoyumba.

"Safu ya kushoto," Otilia alisema, "nimefuata Kanuni yako."

Kanuni ya Mgongolwa ilifundishwa vyuoni. Chembe-fundi huingizwa kwenye ubongo, hutafuna kifuko cha tegu, na mara kifuko kinapokwisha huondolewa zote kwa dawa, kwa sababu zikibaki bila kazi zitaugeukia ubongo wenyewe. Kliniki za mikoa mitano ziliifuata. Wagonjwa sita kati ya kumi walipona kifafa kabisa. Kwa wanne kilirudi baada ya mwaka, na maelezo yaliyotolewa ni kwamba kovu lililoachwa na kifuko lilikuwa kubwa mno.

"Na ya kulia?"

"Ya kulia sikuziondoa."

Profesa aliinama kwenye kioo. Kushoto manyasi yaliyumba vizuri, kisha ghafla yakasimama yote kwa pamoja, makali kama miba, yakatetemeka, yakalala. Kifafa kidogo, ndani ya kipande kisichozidi dengu. Kulia yaliyumba tu. Alisubiri. Yaliendelea kuyumba.

"Hazikuugeukia ubongo," Otilia alisema, sasa kwa haraka, kama mtu aliyekwisha kuruka na hawezi kurudi ukingoni. "Zikikosa kifuko hunyamaza, zinakaa kwenye kovu na kulilegeza. Tunaziondoa wakati ndiyo kwanza zinaanza kazi ya pili. Wale wanne, Profesa, si kwamba kovu lao ni kubwa. Ni kwamba tumewafukuza mafundi kabla hawajapiga lipu."

Profesa Mgongolwa aliinamia tena safu ya kushoto. Jina lake lilikuwa kwenye Kanuni ile. Alianza kutafuta ufa katika kazi ya Otilia, na aliona haya kugundua jinsi alivyotamani kuupata.

"Seli zote zimetoka kwa mgonjwa mmoja?"

"Kumi na wanane. Wanaume na wanawake."

"Huenda dawa ya kuondolea ndiyo inayoleta kifafa, si kuondolewa kwa chembe."

"Sahani za rafu ya chini zimepewa dawa bila chembe. Zimetulia."

"Huenda kulia kifafa kitachelewa tu."

"Ndiyo maana imechukua miaka miwili. Nilisubiri. Nilipomaliza kusubiri nilianza upya, kwa sababu sikuwa na uhakika, na nilipopata uhakika nilianza tena, kwa sababu..."

"Kwa sababu ni Kanuni yangu."

Otilia aliitikia kwa kichwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliomba kukuona, Profesa. Nilituma ombi. Jibu lililorudi lilisema, 'Zungumza kwanza na mtani wako.' Nikazungumza naye. Akaniambia nikuone wewe. Nikaomba tena, na jibu likawa lilelile."

Profesa aliyakumbuka maneno hayo. Aliyaandika mwenyewe, wakati ambapo yalionekana kuwa njia nzuri ya kuwafunza vijana kujitegemea, akayaweka yajibu maombi yote. Alikuwa amebuni mtu wa kuwaambia watafiti ukweli, na kwa furaha ya kufanikiwa akaacha kuwa miongoni mwa wale wanaopaswa kuambiwa.

Alivuta kiti, akaketi mbele ya safu ya kulia. Manyasi yaliyumba. Wagonjwa ambao kifafa kiliwarudia walikuwa wanne kati ya kila kumi. Aliwafikiria watu hao, na polepole ile haya ilianza kubadilika, ikawa kitu kinachofanana sana na hamu aliyokuwa nayo ujanani, kabla hajawa na kanuni yoyote.

"Nieleze tena tangu mwanzo," alisema. "Polepole. Na nikisema upumbavu, uniambie."

*

Ijumaa, Profesa Mgongolwa alisimama mbele ya Baraza bila karatasi.

"Naomba mambo mawili," alisema. "Kwanza, mtani yeyote asifunguliwe, na wa Dkt. Mrope pia abaki amefungwa. Alijitolea kwa moyo mwema, lakini ukarimu wake unawafunga wenzake wote watakaokuja. Pili, watafiti wote wawili waingie humu, wasimame, na sisi walezi wao tuwachokoze mbele yenu. Wajibu kwa vinywa vyao."

"Na mlezi asiyejua kazi ya kijana wake?" aliuliza Shemhilu.

"Aibu itakuwa yake. Mimi nimeionja wiki hii, haiui."

Gaspar Mrope alitangulia. Alijibu vizuri, alikwama mahali pawili, akakiri, na alipotoka alimnong'oneza Otilia mlangoni, "Ingia, wamekula mchana, hawaumi."

Otilia aliwaonyesha wajumbe manyasi ya kushoto na ya kulia. Profesa Mgongolwa alimbana kwa maswali yaleyale aliyomuuliza maabarani, kisha kwa mengine makali zaidi ambayo alikuwa amekesha akiyatafuta. Otilia aliyajibu yote isipokuwa moja. Kwa hilo alisema, "Hilo sijui. Ndilo nitakaloanza nalo."

Shemhilu aliisahau kalamu yake.

"Dada Sikitu, unaelewa kwamba binti huyu akiwa sahihi, Kanuni yako imekwisha?"

"Nusu yake ya kwanza inasimama," alisema Profesa. "Ya pili imekwisha. Naomba iingie kwenye kumbukumbu kwamba Dkt. Luambano ndiye aliyeivunja, na kwamba nitaziandikia kliniki zisubiri majaribio yake."

"Na swali hili ni la nani?"

Wajumbe wote walielewa alichouliza. Ilikuwa desturi ya Lukosi kwamba mtafiti anapoondoka chini ya mlezi, humwomba swali moja la kwenda nalo, na mlezi humpa la pembeni, akabaki na kubwa. Hakuna aliyeliona kuwa jambo baya. Walezi wote walikuwa wamepewa ya pembeni zamani hizo, wakapambana nayo mpaka wakafika walipo. Na hili lilikuwa swali kubwa kuliko yote ambayo Profesa Mgongolwa alikuwa ameyagusa maishani mwake.

Alimtazama Otilia, ambaye alikuwa ametazama sakafu, akisubiri kupewa kipande.

"Ni lake," alisema Profesa. "Lote."

*

Maabara mpya ilikuwa tupu bado, ikinuka rangi ya kuta. Jina la Otilia lilikuwa limebandikwa mlangoni likiwa limepinda kidogo. Kiatamizi kilikuwa kimehamishwa asubuhi, na sahani za kulia zilikuwa zimestahimili safari.

Profesa Mgongolwa alibisha hodi. Hakuwahi kubisha hodi katika jengo lile.

Otilia aliinua kichwa kutoka kwenye ukurasa aliokuwa akiuandika. Koti lake lilikuwa wazi shingoni, na kishikizo chake kilikuwa rafuni, kimepumzishwa kwa siku hiyo. Alisita. Profesa aliona kabisa mahali ambapo salamu ya heshima ilianza kutoka, ikarudi, na kitu kingine kikachukua nafasi yake.

"Kamwene, Mhehe," alisema Otilia, akimsalimia kwa Kihehe. "Ingia. Ila ukae mbali na sahani zangu. Naijua historia yenu ya kutwaa vya watu."

Profesa alibaki mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kisha akacheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

"Mngoni asiye na adabu," alisema, akifuta macho. "Sogea huko."

Hakukuwa na kiti cha pili. Alikwenda kuchukua kimoja katika chumba cha jirani, akakiburuta kwa kelele sakafuni, akakiweka kando ya Otilia na kuuvuta ule ukurasa mbele yake. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaweka kidole chake, kilekile alichokataa kukitia, chini ya maneno mawili.

"Umeandika 'ni dhahiri,'" alisema. "Dhahiri kwa nani?"